Kijiko Kiwe cha Nani?

Kuna namna ya kumlisha mtoto ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaijua bila kuelezwa. Mtoto analazwa pajani, mkono mmoja unadhibiti mikono yake miwili, kikombe cha uji kinasogezwa, na akifumba mdomo anabanwa pua mpaka afumbue ili avute pumzi. Uji unaingia pamoja na hewa. Anayefanya hivyo mara nyingi ndiye ampendaye mtoto huyo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana jambo hili ni zito kulizungumza: ukiligusa unaonekana umekuja kuhukumu mapenzi ya watu. Ipo pia namna ya upole, isiyo na kubana wala kushika. Fungua mdomo ndege itue, hiki cha baba, hiki cha bibi, ukimaliza nakupa soda, usipomaliza namwita askari. Mimi naziweka zote mbili katika fungu moja, kwa sababu zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kiasi cha chakula kitakachoingia tumboni mwa mtoto huamuliwa na mtu mzima. Hapo ndipo ninapopinga. Mtu mzima ana mamlaka makubwa juu ya mlo, lakini mamlaka yake yanakoma sahani inapotua mkekani. Achague chakula, akipike kiwe kizito na chenye kitoweo, apange saa, akae karibu. Kijiko kiwe cha mtoto, na shibe iwe ya mtoto.

Wanaonipinga nimewaita barazani wawe watatu: Bibi, Nesi wa kliniki ya watoto, na Mama anayerudi kazini jioni. Sikuwapa majina kwa kuwa wako wengi, na kila wanalolisema hapa husemwa kila siku. Nimewaomba wasinionee haya.

"Mwanangu," anaanza Bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa, "mimi nimelea wanane, na wajukuu siwahesabu tena. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anajua nini kuhusu shibe? Ukimwachia ataonja vijiko viwili, akimbilie kuku, na usiku alie njaa asilaze mtu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sikumlazimisha mtu kwa ubaya. Nilitaka wakue, na wamekua."

Bibi ameona sawasawa, ila alichokiona kina maana nyingine. Ni kweli kwamba mtoto aliyekuwa akinyonya na kula kwa pupa hupunguza kula akishafikisha mwaka, na ni kweli kwamba hilo humtia hofu aliyezoea kuona bakuli tupu. Lakini tazama mwili wenyewe. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikia kama kilo 9 akitimiza mwaka, yaani uzito wake umekuwa mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 hivi, au 2 na nusu. Kasi imeshuka, na hamu ya kula imeshuka pamoja nayo, kama moto unavyopunguzwa chungu kikishachemka. Mtu mzima haoni kasi hiyo, anaona bakuli lililobaki, na hapohapo vita vinaanza, tena katika umri uleule ambao mtoto amejifunza kutembea na kusema "sitaki". Tunapambana na badiliko la kawaida la maumbile kana kwamba ni ugonjwa au ukaidi.

Na je, mtoto anajua chochote kuhusu shibe? Swali hilo la Bibi liliwahi kupimwa, kwa namna ambayo leo kamati ya maadili isingeipitisha kirahisi. Mwaka 1926 daktari wa watoto Clara Davis alianza jaribio huko Marekani, kwanza Cleveland, kisha Chicago, kwa watoto waliotoka tu kuachishwa maziwa. Hatimaye walifika 15, na baadhi yao walifuatiliwa kwa miaka. Kila mlo walitengewa vyakula mbalimbali katika vibakuli, na wauguzi waliagizwa wasipendekeze, wasisifu, wasikataze. Muuguzi alishika kijiko na kungoja. Mtoto akinyoosha mkono kwenye bakuli ndipo alipewa, na akitaka kutumia vidole aliachiwa. Milo waliyojitengenezea ingemkera mpishi yeyote, kwani siku moja mtoto alikazania kitu kimoja, siku nyingine kingine, na hapakuwa na wawili waliokula sawa. Hata hivyo walikua vizuri. Mmoja aliyefika na matege alitengewa mafuta ya ini la samaki miongoni mwa vibakuli vyake, akayanywa kwa hiari yake mpaka akapona, kisha akayaacha.

"Ngoja kwanza," Bibi anakatiza. "Hivyo vibakuli vilikuwa na nini? Kulikuwa na biskuti?" Hakukuwa. Na Bibi amegusa kitovu cha jaribio lile, kitu ambacho Davis mwenyewe alikisisitiza na waliomnukuu baadaye wakakisahau. Orodha yake ilikuwa ya nyama, samaki, mayai, maziwa, nafaka, matunda na mboga, vyote bila sukari na bila kukobolewa wala kusindikwa. Mtoto alichagua ndani ya uwanja ambao mtu mzima alikwisha kuuwekea ua. "Kumbe daktari ndiye aliyechagua!" Naam, Bibi, na hicho ndicho ninachokitetea. Miaka ya 1980 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliligeuza wazo hilo kuwa mgawanyo wa kazi: mzazi anaamua kiliwe nini, lini na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Anayesema tunamfanya mtoto mfalme hajausoma mgawanyo huu vizuri. Mfalme gani asiyechagua hata mboga ya siku?

Kuhusu usiku wa njaa, kuna ushahidi mwingine. Mwaka 1991 mtafiti Leann Birch na wenzake walipima chakula cha watoto 15 wa miaka miwili hadi mitano, mlo kwa mlo, kwa siku kadhaa. Mlo mmoja na mwingine ulipishana mno, lakini jumla ya nguvu kwa siku ilikaribia kuwa ileile. Aliyegoma asubuhi alifidia jioni, bila mtu kumkumbusha. Mlezi anayehesabu mlo mmoja anasoma ukurasa mmoja wa kitabu na kulia kabla hajafika mwisho. Birch huyohuyo alishiriki katika utafiti wa mwaka 2006 ambapo watoto wadogo walipewa supu ya boga na supu ya mahindi. Supu moja iliandamana na maneno ya kuhimizwa wamalize, nyingine haikuwa na neno. Waliyohimizwa waliila kidogo zaidi na kuisema vibaya zaidi. Na miaka ya 1980 alikwisha kuonyesha kwamba watoto wakipewa zawadi ili wanywe kinywaji fulani cha aina ya mtindi, wanakinywa siku hiyo, kisha wanakipenda chini ya walivyokipenda mwanzo. Mtoto ni mfanyabiashara mzuri. Akiona mchicha unalipiwa soda, anahitimisha kwamba mchicha ni adha na soda ndiyo bei yake. Wale tunaowafikiria kuwa wapole wa ndege-inakuja hapa hawana pa kujificha.

Nesi amenyamaza muda wote, lakini si kwa kukubali. "Ndugu mwandishi," anasema, "umetupeleka Chicago kwa watoto walioshiba. Njoo kwenye foleni yangu. Mtoto wa miezi 14 ana kilo 7, macho meupe, hana hamu ya kitu, mama yake anasema nikimwekea hali basi namwachia. Ukimwandikia huyo makala yako, umemwua. Nchi hii karibu theluthi ya watoto ni wadumavu. Sisi hapa hatuna anasa ya kumngoja mtoto ajisikie."

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nusu yake naikubali kabla sijaijibu. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 18. Hofu ya bibi na mama zetu haikutoka hewani. Na yapo malezi ambayo kweli yanaua kimyakimya, pale bakuli linapowekwa chini, mtoto anaachwa peke yake, dakika kumi baadaye bakuli linaondolewa. Kiswahili kimetutengea maneno mawili yanayofanana sura: kumwacha na kumwachia. Anayemwacha mtoto na chakula ameondoka. Anayemwachia yupo, amekaa usawa wa macho yake, anamtazama, anaongea naye, anamega tonge dogo na kulisogeza, anasaidia kijiko kinapopinduka, anajaribu mboga kwa namna nyingine ikikataliwa, na mtoto akigeuza uso anangoja, anarudia mara moja au mbili, kisha anakubali jibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu chakula cha nyongeza unasema karibu hivyohivyo: mtoto mchanga alishwe, aliyekua kidogo asaidiwe anapojilisha, ahimizwe, asilazimishwe. Mama wa kwenye foleni ya Nesi aliambiwa "mwachie" akasikia "mwache". Hilo ni kosa letu sisi tunaotoa ushauri kwa haraka.

Sasa nusu nisiyoikubali. Nesi mwenyewe, anapompokea mtoto mwenye utapiamlo mkali, kitu gani anakipima kabla ya kumruhusu arudi nyumbani na dawa zake? Hamu ya kula. Anampa mama pakiti ya lishe tiba, ile ya karanga, maziwa, sukari na mafuta, anamwambia akae mahali patulivu na kumpa mtoto polepole. Mtoto akiila kwa hiari anaweza kutibiwa akiwa nyumbani, akiikataa huenda kuna maradhi yaliyojificha na analazwa. Kanuni ya kipimo hicho ni kwamba mtoto asilazimishwe, kwa kuwa akilazimishwa kipimo hakisomi tena. Nimshangae basi Nesi: hamu ya kula ambayo kliniki huiheshimu kama kipimajoto, kwa nini nyumbani tunaivunja kila siku? Mtoto aliyezoea kunyweshwa kwa nguvu hawezi kumwambia mama yake, kwa kugoma kula, kwamba leo anaumwa. Kugoma ndiko kulikokuwa lugha yake, na kila siku anagoma.

"Hilo nimelisikia," Nesi anasema, "lakini halimwongezei gramu." Kweli. Nami sitamficha ushahidi unaoniuma. Bangladesh, mwaka 2009, utafiti wa Frances Aboud na wenzake katika vijiji ulifundisha akina mama kumsikiliza mtoto anapokula na kumwachia ajilishe. Watoto walijilisha zaidi, akina mama wakawa wasikivu zaidi, uzito haukuongezeka. Anayeuza wazo la mtoto kujilisha kama dawa ya kunenepesha anauza kitu asichokuwa nacho. Lakini weka pembeni yake matokeo ya Trujillo, Peru, yaliyochapishwa mwaka 2005. Huko vituo vya afya vya serikali vilieneza jumbe tatu tu: mpe mtoto chakula kizito badala ya supu nyepesi, mwongezee ini, yai au samaki, na mfundishe kula kwa upendo, subira na uchangamfu. Watoto walipofika miezi 18, waliodumaa upande uliofundishwa walikuwa asilimia 5, upande mwingine asilimia 16. Siwezi kutenganisha ujumbe wa tatu na wa kwanza na wa pili, na hakuna anayeweza. Ninachokiona ni kwamba ushindi ulipatikana jikoni, na mezani pakabaki upole.

Jikoni ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu naamini vita vingi vya mlo hupikwa humo. Tumbo la mtoto hukadiriwa kubeba gramu 30 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8 anabeba basi gramu 240, kikombe kimoja kilichojaa. Pamoja na maziwa ya mama, umri huo anahitaji kama kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula. Uji wenye unga sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, ule unaotiririka kwenye kijiko, una kalori zisizofika 40 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kikombe kizima hakimpi hata 100. Ili afikie mahitaji yake kwa uji huo inabidi ajazwe mpaka kooni mara tatu kwa siku, na bado apungukiwe. Hapo anaanza kugeuza shingo, na hapo anaanza kushikwa mikono. Amekataa kwa sababu amejaa, kajaa maji, na mlezi anaona kwa macho yake kwamba mtoto hanenepi, kwa hiyo anaongeza kikombe cha nne. Wote wawili wana haki! Sasa tia kijiko kidogo cha mafuta, ambacho peke yake kina kalori 40 hivi, ndani ya nusu kikombe cha uji uleule: nusu hiyo inakaribia kikombe kizima cha kwanza. Tia karanga zilizosagwa laini, dagaa waliotwangwa, yai, na hesabu inabadilika kabisa. Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, ule utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wamedumaa. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Sababu ziko nyingi, na maradhi ya tumbo yamo, ila ukubwa wa kikombe hauwezi kuwa jibu mahali penye unga wa kutosha.

Mama ndiye aliyebaki, naye hana subira na kalori. "Mwandishi, mwenzangu, nisikilize. Natoka kazini saa kumi na moja, nafika saa moja usiku. Chumba ni kimoja. Maji nanunua kwa ndoo. Mtoto akijilisha, nusu iko kifuani, robo iko kwenye godoro, na dada ameshachoka ana wengine wawili. Nikimshikia mimi, na katuni ya simu mbele, dakika saba tumemaliza. Wewe unazungumzia shibe, mimi nazungumzia muda."

Sitajifanya kwamba gharama hiyo haipo. Uchafu ni maji, maji ni pesa, na chakula kilichomwagika ni pesa pia. Nitakachosema ni kwamba gharama hiyo ina mwisho, na ile nyingine haina. Kuanzia miezi 8 hivi watoto wengi wanaweza kushika kipande cha ndizi iliyoiva, kiazi kitamu au boga lililochemshwa, na kufikia mwaka wanaweza kula chakula cha familia kilichokatwakatwa. Miezi michache ya kumwaga ndiyo ada ya shule hiyo. Asiyeilipa anakutana na mtoto wa miaka minne anayengoja kufunguliwa mdomo, na katuni ambayo sasa haiondoki. Na katuni yenyewe ina namna yake ya kumbana mtoto pua, kwani mdomo unafunguka kwa kuwa akili haipo hapo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, nami ningeanza na saa ya kula kabla ya saa nyingine zote. Kwa yaliyobaki kuna hila za kawaida. Weka kidogo bakulini, vijiko viwili, umwongeze akimaliza. Vijiko viwe viwili, kimoja chake, kimoja chako, na chako kisaidie bila kupokonya. Mkeka au gunia safi chini. Na kwa mama huyu hasa: chagua mlo mmoja kwa siku, hata wa Jumamosi na Jumapili tu mwanzoni. Sijaona kokote kwamba lazima yote yaanze Jumatatu.

"Na akipaliwa?" Hilo wanaliuliza wote watatu kwa pamoja. New Zealand walilipima: mamia mawili na zaidi ya familia, nusu wakiwaachia watoto wajilishe tangu miezi sita huku wazazi wamefundishwa vyakula vya kuepuka, nusu wakilisha kwa kawaida. Kupaliwa hakukutofautiana kati ya pande hizo. Kati ya miezi 6 na 8 zaidi ya theluthi ya watoto walipaliwa angalau mara moja, upande wowote walipokuwa, na kwa hiyo tahadhari ni ya kila nyumba: asipewe karanga nzima, bisi, pipi, karoti mbichi, zabibu nzima, nyama ngumu, wala samaki asiyechambuliwa miiba, na asile akitembea wala akiwa peke yake. Kukohoa na kutapika kidogo kwa mtoto anayejifunza ni koo linalojilinda. Hatari iliyo wazi kuliko zote ni ile niliyoanza nayo, kimiminika kinachomiminwa katika mdomo wa mtoto anayelia na kuvuta pumzi kwa nguvu, kwa sababu njia ya hewa iko wazi wakati huohuo.

Bibi ana neno la adabu. "Huyo mtoto wenu anakula kwa mkono wa kushoto, anachovya kila pembe ya sinia. Nyumba ya Waislamu hiyo?" Bibi anajua hadithi ninayoifikiria, ya kijana Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Alielekezwa mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Maneno mafupi, mkono wake ukaachwa sahanini. Kijana yule alikuwa mkubwa kuliko mtoto wetu wa miezi 18, lakini sioni kwa nini mdogo astahili ukali zaidi. Sinia lenyewe ni shule nzuri: mtoto anaona wenzake wanamega, wanachovya, wanatafuna, naye anaiga. Lina kasoro moja tu, kwamba wenye mikono mikubwa wana kasi, na mwisho wa mlo hakuna ajuaye mdogo alikula matonge mangapi. Atengewe kibakuli chake, kikae palepale katikati ya wenzake. Na mikono ya wote ioshwe kwa sabuni na maji yanayomiminwa, wake kwanza, kwa sababu ndio utakaokwenda mdomoni mara nyingi kuliko yote.

Nafikiri mjadala umekaribia mwisho, lakini Mama ananirudisha. "Umesema uji mzito. Mfuko wa unga wa lishe unaokaa wiki mbili, ukiupika mzito unakaa moja. Tena ukiwa mzito hivyo haumezi, anautema. Ndiyo maana watu wanauongeza maji." Hapo sina utafiti wa Chicago wa kumpa. Bei ya unga haishuki kwa sababu mtoto ameachiwa kijiko, na anayemlaumu mama kwa uji mwepesi bila kuuliza pakiti ni shilingi ngapi hajafika dukani.

"Nusu ya hilo la pili ina dawa," Nesi anasema. "Kimea." Anaeleza kwamba miaka ya 1980 watafiti wa hapahapa Tanzania walikishughulikia sana. Ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa. Uji unapikwa mzito, unaepuliwa upoe kidogo, unatiwa kijiko kimoja cha kimea na kukorogwa. Baada ya dakika chache unalegea kama umeongezwa maji, na unga wote bado umo ndani. Kisha unarudishwa jikoni uchemke kidogo.

Bibi anacheka mpaka anafuta macho. "Kimea! Hicho si ndicho cha pombe?" Ndicho, Nesi anakubali, kazi yake ni ileile, kuuvunja wanga. "Basi ninacho cha kutosha," Bibi anasema. "Lakini ukilegea hivyo utamwagika. Kikombe atashika nani?"

"Atashika mwenyewe, Bibi," Mama anajibu. "Wewe shika kitambaa."